Nilivyompelekea Yusta Pikipiki Yake

Jumapili ile mliponizunguka nje ya kanisa mkitaka kujua, niliwajibu kwa maneno mawili tu, "Tulifika salama," kisha nikasingizia kwamba nimeacha maharage jikoni. Hayakuwapo maharage. Nilikuwa nimerudi jana yake, na kila nilipofumba macho niliona barabara nyeupe ikinijia polepole, hata nikiwa nimepiga magoti kanisani. Mtu akiwa katika hali hiyo hawezi kusimulia. Sasa vumbi limenitoka masikioni, nimekaa mezani na chai, nawaandikia wote kwa mara moja.

Mengi mnayajua, lakini najua barua hii itafika mpaka kwa dada zangu Mbinga, kwa hiyo naanzia mwanzo. Yusta ni binti yangu wa pekee. Ni nesi wa zahanati katika kijiji kilicho mbele ya Mwandoya, huko Meatu, na ana pikipiki yake mwenyewe aliyoinunua ili aweze kuwafikia kina mama wa vijiji vya mbali. Mwezi wa pili alianguka nayo kwenye mchanga wa mto, akavunjika mguu wa kulia. Alikaa kwangu hapa Bariadi mpaka mfupa ulipounga, kisha akarudi kazini kwa basi. Pikipiki ilibaki kwa fundi.

Jambo ambalo sikuwaambia ni hili. Nilipowaaga nikisema nampelekea mtoto pikipiki yake, nilisema nusu. Hapa mjini ilipatikana nafasi kwenye kituo cha afya, kilichobaki ni yeye kukubali uhamisho. Nilikuwa nimemwomba kwenye simu mara nyingi aachane na pikipiki, na kila mara alinijibu jibu lilelile: "Mama, wewe hujawahi kuipanda. Huwezi kujua." Basi nikaamua nitaipanda. Nitaiendesha mimi mwenyewe mpaka mlangoni kwake, nishuke, nimwambie: sasa najua, iache, turudi nyumbani.

Mimi katibu muhtasi wa miaka arobaini na tisa, ambaye hata baiskeli sikuwahi kujifunza.

Uwanjani

Habari za leseni naziruka, foleni zile kila mtu anazijua. Naanzia kwa fundi Maduhu, aliyeitengeneza pikipiki, mzee mfupi wa maneno machache. Nilipomwambia nataka anifundishe, alipangusa mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, halafu akauliza, "Unakwenda mbali?"

"Mbele ya Mwandoya."

"Basi tuanze leo."

Kila jioni baada ya kazi nilikutana naye kwenye uwanja ulio nyuma ya jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba. Nilivaa suruali ya baba Yusta chini ya gauni. Siku tatu za kwanza sikwenda popote. Nilikaa juu ya pikipiki iliyosimama, nikabana klachi, nikaachia, nikabana, nikaachia, huku Maduhu akiwa amechuchumaa pembeni anatafuna karanga. Siku ya nne akasema niiwashe.

"Klachi ni kama mlango wa mkweo," aliniambia. "Huufungui kwa kishindo."

Nikaufungua kwa kishindo. Pikipiki iliruka kama mbuzi aliyechapwa, ikazima, nami nikabaki nimelikumbatia tangi. Maduhu hakucheka. Aliongeza karanga mdomoni, akaonyesha kwa kidevu niwashe tena.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi. Jua lilikuwa limeshuka, manyoya ya pamba yaliyotoroka jineri yalikuwa yanaelea hewani kama hayana haraka ya kutua. Nikaachia klachi taratibu, taratibu zaidi, na ardhi ikaanza kwenda. Sikuhisi kwamba mimi ninakwenda. Nilihisi uwanja unavutwa chini yangu kama mtu anavyovuta mkeka. Nikapita goli la kwanza, nikapita goli la pili, nikasahau kabisa kwamba kuna kusimama. Maduhu ilibidi akimbie.

Baada ya wiki tatu akaniambia sina tofauti na watu wengi walioko barabarani. Nilichukulia kuwa ni sifa.

Jioni kabla ya safari nilimpigia simu baba Yusta, ambaye yuko Mbinga anashughulikia kahawa ya urithi wao. Nilimweleza yote. "Nani anaendesha?" akauliza.

"Mimi."

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. "Basi vaa soksi," akasema. "Asubuhi kuna baridi."

Kutoka Bariadi

Niliondoka Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ili nisikutane na watu wanaonifahamu. Nilikutana nao wote. Mama wa maandazi, mlinzi wa ofisini kwetu, paroko akitembea na rozari. Paroko alinyanyua mkono, nami nikashindwa kunyanyua wangu kwa sababu niliogopa kuachia usukani, kwa hiyo nikamwinamia kwa kofia ngumu. Baadaye aliniambia alidhani ni polisi.

Lami ya mjini ikaisha, nikaingia kwenye vumbi la barabara ya Kisesa, na hapo ulimwengu ukapungua. Kulikuwa na mimi, sauti ya injini na mstari mmoja mwembamba uliokanyagwa na baiskeli, nilioushika kama uzi. Nilikwenda kwa gia ya pili. Maduhu alisema nikizoea nitaongeza, sikuzoea. Mwanamume mmoja aliyebeba viazi kwenye baiskeli alinipita akanisalimia, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, na baada ya kilima nikampita, na kwenye mteremko akanipita tena. Tulisalimiana mara nne. Mara ya mwisho tulikuwa kama ndugu.

Ilikuwa mwezi wa kuuza pamba. Malori yalishapita na kuacha alama zake, na kila kichaka cha miba kando ya barabara kilikuwa na ndevu nyeupe. Jua lilipopanda, weupe ule ulianza kuwaka, pande zote mbili, mbele na nyuma, mpaka ikawa kama naendesha ndani ya ndoto ya mtu mwingine aliyelala vizuri. Sikuwaza zahanati, sikuwaza uhamisho. Nilijikuta naimba kichwani wimbo ambao mama yangu aliuimba akipepeta ngano, na sikuwa nimeukumbuka kwa miaka mingi. Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa njia nzima.

Mbele kidogo lori la pamba lilikuwa limekatika ekseli katikati ya daraja dogo, na hapakuwa na pa kupita. Nikazima pikipiki nikasubiri na wengine. Utingo walishusha marobota moja baada ya jingine, na kila robota lilipogonga chini lilitoa pumzi ya manyoya meupe. Watu wakakaa chini. Mama mmoja akalala juu ya robota kabisa, akakoroma. Hakuna aliyelalamika. Saa mbili zikapita hivyo, na lori liliposogezwa tulikuwa wote weupe kichwani kama wazee.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Baiskeli zote zikaondoka, mama aliyelala akaamka akaondoka, nami bado napiga kiki, jasho linatiririka ndani ya kofia. Nikakagua mafuta, yapo. Nikaigusa plagi, chuma kilichochomwa na jua muda wote ule, nikaungua kidole. Ndipo akatokea mwanamke amebeba kuni kichwani. Alisimama akanitazama kwa muda, bila kutua mzigo. Halafu akasogea, akanyoosha mkono mmoja, akabonyeza kitufe chekundu kilichoko karibu na mkono wa kulia.

"Hiki kinazima," alisema. "Mume wangu naye hukisahau."

Kiki moja, ikawaka. Nikageuka kumwambia wabeja, yaani asante, nilikuwa nimejifunza hilo tangu mwaka wa kwanza Bariadi, lakini alikuwa ameshaanza kuondoka, kuni zimenyooka kichwani kama paa la nyumba.

Kisesa

Kisesa nilifika saa sita mikono inatetemeka. Hata niliposhuka iliendelea kutetemeka, nikimimina chai kikombe kinagonga sahani. Niliagiza matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, na karanga pembeni. Njaa ya pikipiki si njaa ya ofisini. Nilikula sahani mbili na sikumtazama mtu.

Nilipotoka nilikuta mzee wa makamo amekaa kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki yangu, ametulia, mapajani ana kuku wawili waliofungwa miguu.

"Mwadila, mayu," alinisalimia. "Mimi nashukia Mwandoya."

Nikamweleza kwamba mimi si bodaboda.

"Najua," akasema. "Bodaboda wana haraka. Wewe nimekuona ulivyoingia. Unakwenda kwa adabu."

"Baba, mimi ninajifunza. Hii ni safari yangu ya kwanza."

Aliwaza hilo. Aliwatazama kuku wake, kama anayetaka maoni yao. Kisha akashuka, mguu mmoja, halafu mwingine, akasimama mbele yangu na kuvua kofia. "Mungu akutangulie," alisema kwa dhati kabisa. "Na kama atakuwa anakutangulia, sisi wengine acha tufuate kesho."

Nilicheka mpaka nje ya mji.

Kwa Mayu Minza

Baada ya Kisesa nchi inafunguka. Miti inapungua, mbuga inakwenda mpaka inapoyeyuka kwenye mvuke wa joto, na ng'ombe wanaonekana kwa mbali wakiwa hawana miguu, wanaelea. Nilikuwa nimeanza kuthubutu gia ya tatu. Jua lilinigonga mgongoni kama mkono wa mtu anayekubembeleza ulale, na nadhani kuna mahali nilisinzia macho wazi, kwa sababu nakumbuka kilima kikiwa mbele kisha kikiwa nyuma, na katikati sikumbuki kitu.

Sauti ndiyo iliyoniamsha. "Nesi! Nesi!"

Kina mama wawili walikuwa wanatoka mbio kwenye mji wa familia moja, wa nyumba za udongo, uliozungushiwa katani. Mmoja alikuwa bibi mwenye shuka la bluu, mwingine binti mwenye mtoto mgongoni. Nikabana breki, nikasimama vizuri, kwa bahati. Hapo niseme kwamba pikipiki ya Yusta ina tangi la kijani kibichi alilolipaka mwenyewe kwa rangi ya dirishani. Hakuna nyingine kama hiyo Simiyu nzima.

Bibi alinifikia kwanza. Alinishika mikono yote miwili, akaniangalia ndani ya kofia, na uso ukamshuka.

"Jamani nesi," alisema taratibu. "Huo mguu umekuzeesha."

Nikavua kofia. "Mwadila, mayu. Mimi siye. Mimi ni mama yake."

Alirudi hatua moja nyuma. Alinitazama paji la uso, akatazama tangi la kijani, akarudi kwenye paji la uso. "Kumbe ana mama," akasema, kana kwamba walikuwa wamelijadili jambo hilo nyumbani na kukubaliana kwamba hana.

Huyo ndiye Mayu Minza. Nilitaka kuendelea na safari, jua lilikuwa limeshaegemea, lakini alishaondoa kofia yangu mkononi na kuipeleka ndani, na bila kofia nisingeweza kwenda. Nikafuata. Nikaletewa maji ya kunawa, ugali wa mtama, mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, na kibuyu cha maziwa yaliyoganda. Alikaa mbele yangu akahakikisha kila tonge linaingia.

Yule binti alikuwa mkwewe. Alimtoa mtoto mgongoni akaniwekea mapajani, mvulana mzito mwenye macho ya kuchunguza.

"Anaitwa nani?" niliuliza.

"Pikipiki," akajibu Mayu Minza.

Nilidhani Kisukuma changu kimenipoteza. Nikauliza tena.

"Kwenye kadi ya kliniki ni Emanueli," alisema binti, ameona haya kidogo. "Hapa nyumbani ni Pikipiki."

Mayu Minza akanisimulia. Mwaka uliopita, masika, binti alishikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya, mto umejaa, daraja la barabarani limefunikwa na maji, na gari la wagonjwa limekwama upande wa pili. Yusta alikuja na pikipiki mpaka ukingoni. Wanaume wanne waliibeba juu ya vichwa vyao kama jeneza, naye akavuka katikati yao maji yakimfika kifuani, mfuko wa vifaa ameushika kwa meno. Alipofika ng'ambo aliwasha pikipiki ikakataa, akaipiga kiki huku analia, akaipiga, mpaka ikawaka. Mtoto alizaliwa adhuhuri. "Tulipoisikia sauti tu," alisema Mayu Minza, "nilimwambia huyu: usife sasa, anakuja."

Nilimtazama mtoto. Alikuwa amekamata kidole changu kile kilichoungua na plagi na anakivuta mdomoni.

Yusta hakuwahi kuniambia habari hiyo. Mwaka uliopita masika aliniambia kwenye simu kwamba mvua ni nyingi na amepata mafua.

"Lakini tangu aanguke hajafika tena kwetu," Mayu Minza aliendelea. "Tunasikia kliniki ya ng'ambo amemwachia mwenzake, na mwenzake haji. Mguu bado?"

"Labda bado unamuuma," nilijibu.

Aliponirudishia kofia alikuwa amefunga ndani yake mayai sita kwenye kitambaa. Sijui mtu mwingine angeyabebaje. Mimi niliyaweka kifuani, ndani ya gauni, na kwa hiyo niliendesha sehemu yote iliyobaki nikiwa wima kama mtu aliyevaa plasta.

Kijijini

Nilifika kabla jua halijazama, kwa kuzunguka na daraja la mbali, maana Mayu Minza alinikataza njia ya mkato ya mchangani mtoni. Yusta alikuwa anafagia mbele ya nyumba ya watumishi. Alisikia injini, akanyooka, ufagio ukabaki hewani. Nilizima pikipiki kwa kitufe chekundu, makusudi, ili aone ninakijua. Nikateremsha stendi. Nikavua kofia. Nywele zangu zilikuwa za rangi ya barabara.

"Mama," alisema. Alitazama pikipiki, akatazama barabara nyuma yangu. "Nani amekuleta?"

"Hakuna aliyenileta. Shika mayai kwanza."

Alinishika yeye kabla ya mayai, na moja likavunjika katikati yetu, tukawa tunacheka na kulia na kufutana. Alinichemshia maji ya kuoga. Alipika wali na mayai yale matano. Nilimtazama anavyotembea kati ya jiko na meza, na nikaona kitu kilichonishangaza. Hakuwa anachechemea hata kidogo.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu uwanjani Bariadi. Nilikuwa nayafungua mdomoni aliponitangulia.

"Mama, ungeiacha tu kwa Maduhu aiuze," alisema, amegeukia sufuria. "Nilitaka kukuambia kwenye simu nikashindwa. Sitaipanda tena."

"Mguu?"

"Mguu mzima." Alikaa chini, kwenye kigoda, magoti yamebanana kama alipokuwa mdogo. "Nikifika pale mtoni moyo unasimama. Nimekwenda kwa miguu mara tatu, ili nivuke hivyohivyo tu. Natazama mchanga, narudi. Nimewaambia bado naumwa. Daktari ananiamini. Wote wananiamini."

Basi hilo hapo. Nilichokuja kukitafuta kilikuwa kimewekwa mezani pamoja na wali, sikuhitaji hata kubishana. Ningesema neno moja tu kuhusu kituo cha afya cha mjini na angekubali, nilimwona usoni kwamba angekubali. Nilifungua mdomo nikala. Nikala polepole, na wali ule, Mungu anisamehe, haukuwa na ladha. Mwilini nilikuwa bado nasikia barabara, na yule mtoto mzito mapajani.

"Tulale," nikamwambia. "Kesho utanionyesha huo mto."

Mtoni

Asubuhi alidhani tunakwenda kwa miguu. Nikapiga kiki. "Panda nyuma," nikamwambia.

"Mama, umejifunza wiki tatu."

"Ndiyo. Na jana nimefika."

Alipanda. Sikuwahi kubeba mtu, na Maduhu hakunifundisha, na uzito wa mtu nyuma si mzigo, ni kiumbe kinachowaza tofauti na wewe. Alijikunja kulia, pikipiki ikaenda kulia. Nikamwambia atulie. Akaniambia nitulie mimi. Tulipita katikati ya mashamba ya pamba yaliyokwisha kuchumwa, mabua yamesimama makavu, na ukungu mwembamba wa asubuhi umelala kati ya mistari kana kwamba mtu ametandika.

Mto hauna maji mwezi huo. Ni mchanga mtupu, mpana, wa rangi ya unga wa mtama, na katikati yake alama za kwato. Tulisimama juu ya ukingo. Nilisikia mikono yake ikinikaza kiunoni.

"Ni pale," alisema, "karibu na jiwe."

"Inavukwaje?"

"Mama, turudi."

"Nimekuuliza inavukwaje. Wewe ndiye unayejua."

Nikahisi paji la uso wake limegusa mgongo wangu. Halafu akaanza kusema, kwa sauti ile ya kikazi niliyomsikia akiitumia na wagonjwa. "Gia ya pili. Usibadilishe katikati. Mafuta yasipungue. Ikiyumba iache iyumbe. Usitazame tairi, tazama ng'ambo."

Nikashuka. Mchanga ulitupokea laini mno, pikipiki ikaanza kuogelea, mkia unakwenda huku, kichwa kule, naye nyuma anasema, "Iache, iache, vizuri, iache." Ng'ambo ilikuwa inakuja. Niliiona miti yake, niliona paa la shule kwa mbali. Kisha nikatazama tairi.

Tulianguka taratibu sana. Nilikuwa na muda wa kuona mchanga ukisogea karibu, chembe moja moja, na muda wa kufikiri: nimemvunja tena mwanangu. Halafu ikawa kimya. Injini ilikuwa imezima. Nilikuwa nimelala ubavu, mdomo umejaa mchanga, na sikuthubutu kugeuka.

"Yusta," nikaita.

Hakujibu. Nikasikia sauti kama ya mtu anayekwama kupumua, nikageuka. Alikuwa amelala chali, mikono imetawanyika, anacheka. Machozi yalikuwa yanateremka mpaka masikioni, na anacheka tu, hawezi kuacha.

"Umebana breki ya mbele," alisema alipopata pumzi. "Mchangani hatubani breki ya mbele."

"Na wewe siku ile?"

Kicheko kikaisha. Alitazama juu kwa muda. "Niliwaambia watu wote kwamba ng'ombe alinikatiza."

"Ndiyo, hata mimi uliniambia."

"Hapakuwa na ng'ombe," alisema. "Niliibana."

Tulilala pale, mchanga wa chini bado una ubaridi wa usiku, wa juu umeshaanza kupata joto. Mwishowe aliinuka, akajikung'uta magoti. Alinishika mkono akaninyanyua, akanikagua mifupa kwa vidole vyake kama anavyokagua watu. Kisha akaishika pikipiki kwa pembe, akaiinua kwa pumzi moja, akanyoosha kioo kilichopinda. Alikaa juu yake. Alipiga kiki ikawaka mara ya kwanza, kwake haikusumbua.

"Panda," alisema.

"Nenda wewe kwanza. Mimi nitakuchelewesha."

Alinitazama. Akaweka gia.

Aliuvuka ule mchanga uliobaki kama mtu anayevuka sebule yake. Alipanda ukingo wa ng'ambo, tangi la kijani likameremeta mara moja juani, akapotelea kwenye miti. Nilibaki na sauti. Ilikwenda ikipungua, ikapotea, ikarudi na upepo, ikapotea tena. Kisha kutoka mbali, upande ulikokuwa ule mji wenye uzio wa katani, nikasikia vigelegele vya mtu mmoja. Baada yake vya mwingine. Baada ya hapo sikuweza kuvihesabu.

Nilikaa chini palepale katikati ya mto. Ile nafasi ya mjini sikumtajia kamwe, na nimesikia wameshaipata nesi mwingine, msichana wa Sapiwi, mpole sana. Mchanga ulizidi kupata joto. Nikaegemea jiwe, nikasema nafumba macho kidogo tu, na barabara ikaanza kunijia tena, nyeupe, polepole, ikanipitia chini.

Niliamshwa na pumzi ya ng'ombe usoni. Walikuwa wengi, wananizunguka kwa uangalifu kila upande kama maji yanavyozunguka kisiki, wanavuka. Mchungaji wao, mwanamume mzima mwenye fimbo mabegani, alisimama juu yangu akanizibia jua.

"Mwadila, mayu. Unaumwa?"

"Hapana, baba. Ninamsubiri binti yangu."

Alitazama mto wote, juu na chini, ng'ambo na ng'ambo. Hapakuwa na mtu.

"Yuko wapi?"

"Yuko kazini," nikamwambia.